Nani Ameshika Ufunguo wa Karakana?

Historia ya Arusha tumezoea kuisimulia kwa mikutano. Tunataja Azimio la 1967, tunataja makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, tunataja Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliyokaa mjini hapa hadi ilipofungwa mwaka 2015. Ni historia ya watu walioketi mezani wakatia saini. Ipo historia nyingine ya mji huu na vijiji vilivyouzunguka, isiyoandikwa sana, ya watu waliosimama mbele ya meza ya kazi wakiwa na msumeno, koleo na kipande cha bati, wakijiuliza kitu kilichovunjika kitatengenezwaje.

Makala haya yanahusu sehemu moja ya historia hiyo, nayo ni karakana ya jamii. Kwa jina hilo nina maana ya mahali ambapo watu wasio wa ukoo mmoja, wala si waajiriwa wa bwana mmoja, hutumia vifaa kwa pamoja, hufundishana, na hutengeneza kitu wanachokihitaji wao wenyewe. Huko Ulaya na Marekani mahali pa namna hiyo huitwa hakaspesi, na vijana wetu wengi huamini kwamba ni jambo lililoletwa juzi pamoja na intaneti. Hoja yangu ni kwamba swali linaloamua uhai wa karakana kama hiyo ni la zamani kuliko kompyuta. Vifaa vimekuwepo Arusha kwa miongo mingi, na mafundi hodari hawajawahi kukosekana. Kilichobadilika kutoka kipindi kimoja hadi kingine ni mtu aliyeshika ufunguo wa mlango.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili cha leo humwita mtu anayevunja ulinzi wa kompyuta mdukuzi. Kudukua ni kuchungulia na kusikiliza mambo ya watu kwa siri, kwa hiyo neno hilo limekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Lakini neno la Kiingereza ambalo tunalitafsiri hivyo lilipata maana yake ya kiufundi mahali pasipo na uhalifu wowote, katika klabu ya wanafunzi waliopenda treni za mfano kwenye Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, MIT, klabu iliyoanzishwa mwaka 1946. Kwao, aliyestahili jina hilo ni yule aliyefungua mtambo, akaelewa unavyofanya kazi, akauboresha kwa njia ambayo wenzake hawakuifikiria, kisha akawaonyesha. Kiswahili kilikuwa tayari na neno la mtu huyo, nalo ni fundi. Sikio la Mswahili husikia undugu kati ya fundi, kufunda na mwanafunzi. Fundi asiye na mwanafunzi ni kama msamiati uliokatika katikati.

Desturi ile ya kuonyeshana ndiyo iliyozaa klabu zilizofuata. Mwezi Machi 1975, wapenzi wa kompyuta walikutana katika gereji ya mwenzao huko Menlo Park, California, wakaanzisha Homebrew Computer Club. Ni katika klabu hiyo Steve Wozniak alionyesha kompyuta ya kwanza ya Apple. Mwaka 1981 Wajerumani walianzisha Chaos Computer Club mjini Berlin. Siku hizi miji mingi ya dunia ina chumba cha namna hiyo, chenye meza ndefu, kabati la vifaa, na ubao wenye majina ya watu ambao zamu yao ya kufagia imefika.

Jambo la zamu ya kufagia si geni kwa mtu wa mlimani. Kwenye miteremko ya Mlima Meru, kama ilivyo Kilimanjaro, wakulima walichimba mifereji ya kuteremsha maji kutoka mito ya juu hadi kwenye migomba, na baadaye kwenye kahawa. Mfereji haukuwa wa mtu mmoja. Waliouchimba na waliourithi waligawana zamu za maji, wakaitana kuusafisha unapojaa tope na kuuziba unapobomoka. Asiyefika kwenye msaragambo alitozwa faini, na aliyekaidi alikosa zamu yake. Ni sheria rahisi, lakini ndani yake mna mambo matatu ambayo karakana yoyote ya pamoja hulazimika kuyaamua. La kwanza ni nani anahesabiwa kuwa mwenzetu, la pili ni nani anatumia lini, na la tatu ni anayeharibu au anayetegea anafanywa nini. Ufunguo wa mfereji ulikuwa mikononi mwa wale wanaounywesha mgomba wao.

Baada ya uhuru, ufunguo wa teknolojia uliingia mikononi mwa dola. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine ya kuhesabia mali ya serikali, nayo ilikaa serikalini. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kuona kwamba mradi wa kuendesha hesabu za taifa kwa mitambo ulikuwa umegharimu fedha nyingi za kigeni na kuleta vurugu badala ya nafuu. Msomaji aziweke tarehe hizi mbili pamoja: marufuku ya Dar es Salaam ni ya 1974, na gereji ya Menlo Park ni ya 1975. Sisemi kwamba marufuku ile haikuwa na sababu. Nchi maskini ilikuwa na haki ya kuuliza fedha zake zinakwenda wapi. Lakini jibu lililotolewa lilichukulia kwamba mashine ni ya serikali au si ya mtu yeyote. Wazo la raia mwenye kompyuta mezani kwake, anayeifungua kwa bisibisi ili aone kilichomo, halikuwa na nafasi katika mjadala.

Kwa upande wa zana za kijijini dola ilijitahidi zaidi, na Arusha ndiyo iliyokuwa kitovu cha jitihada hizo. SIDO, shirika la viwanda vidogo, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaanza Mradi wa Teknolojia Sahihi wa Arusha. Mwaka 1980 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda TEMDO, shirika la usanifu wa mitambo, na mwaka 1981, mwaka uleule wa Chaos Computer Club, likaunda CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. Taasisi hizi mbili zote zimewekwa Arusha. Kwa muongo mmoja hivi, mkoa wetu ulikuwa na wahandisi wengi wanaofikiria jembe, pampu na jiko kuliko mahali pengine popote nchini.

Mfano mzuri wa kazi yao ni biogesi. Mitambo ya mwanzo iliyojengwa na SIDO katika miaka ya 1970 ilifuata mtindo wa India, ambamo dramu kubwa la chuma huelea juu ya samadi na kupanda kadiri gesi inavyoongezeka. Chuma kilikuwa ghali, tena kilishika kutu. Wa mradi wa Arusha wakajaribu kupunguza gharama kwa kutumia madramu ya mafuta yaliyokwisha kutumika. Katika miaka ya 1980 CAMARTEC, kwa kushirikiana na wataalamu wa Kijerumani, ikaachana na chuma, ikasanifu kuba la matofali linalofukiwa ardhini. Kuba hilo halikuwa na kitu cha kushika kutu, na mwashi wa kawaida aliyefunzwa vizuri aliweza kulijenga. Muundo huo ulivuka mpaka hadi Kenya, na mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani ulipoanza mwaka 2009, CAMARTEC ndiyo iliyousimamia.

Hayo ni mafanikio ya kweli, na wanaozibeza taasisi hizo kama magofu ya ujamaa hawajasoma historia yao. Hata hivyo, tuangalie njia ambayo wazo lilipitia. Mhandisi alisanifu, kituo kilijaribu, mwashi alifunzwa, mkulima alipokea. Mama aliyezoa samadi kila asubuhi na kupika kwa gesi ile jioni alikuwa mwisho wa mstari. Kama bomba liliziba, alikuwa na la kulalamikia lakini hakuwa na mahali pa kuingia, kushika spana na kusema: hapa ndipo penye tatizo, tujaribu hivi. Karakana ilikuwa na geti, geti lilikuwa na mlinzi, na mlinzi aliuliza barua. Fedha za wafadhili na za serikali zilipopungua, geti lilibaki.

Tukio lililofuata lilitokea pembeni ya dola. Katika miaka ya 1990, wakati simu ya mezani ilikuwa anasa na intaneti ilikuwa neno la watu wachache, watumiaji wa Arusha waliungana katika ushirika wa mawasiliano ulioitwa Arusha Node Marie, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la Habari. Haukuanzishwa ili kugawa faida. Wanachama waliunganisha nguvu ili barua pepe ziwafikie, na waliojua zaidi waliwafunza waliojua kidogo. Katika Afrika Mashariki nzima wakati huo barua pepe nyingi zilisafiri kwa mtindo wa kupokezana. Kompyuta moja ilipiga simu kwa nyingine usiku, wakati gharama ni nafuu, ikamwaga barua zake na kuchota za wenzake. Mtandao ule ulikuwa mfereji: ulihitaji zamu, ulihitaji wa kuuzibua, na ulikufa pale ambapo kila mmoja alisubiri mwingine.

Kutoka katika utamaduni huohuo wa programu zisizofichwa ulitoka mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwishoni mwa mwaka 2004 ulizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Kazi ile iliwezekana kwa sababu moja tu: msimbo wa programu ulikuwa wazi, kwa hiyo watu wa Dar es Salaam hawakuhitaji ruhusa ya kampuni yoyote ili kubadilisha maneno yake. Tulikuwa tumetoka marufuku ya 1974 hadi kuandika upya mashine kwa lugha yetu, katika miaka 30.

Sasa tuje kwa fundi baiskeli, maana ndiye aliyezikutanisha njia hizi mbili, ya chuma na ya uwazi. Mwaka 2007 Amy Smith na wenzake wa MIT walianzisha mkutano wa kimataifa wa usanifu kwa maendeleo, unaojulikana kwa kifupi kama IDDS. Haukuwa mkutano wa kusoma mada. Wakulima, mafundi, wanafunzi na maprofesa kutoka nchi mbalimbali walikaa pamoja kwa wiki kadhaa, wakagawanywa katika vikundi vidogo, na kila kikundi kikalazimika kutoka na kitu cha kushika mkononi. Miongoni mwa waliohudhuria mikutano ya awali alikuwa Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha, aliyejulikana baadaye kwa vifaa kama chaja ya simu inayoendeshwa na baiskeli. Aliporudi hakujifungia na ujuzi wake. Katika muongo wa 2010 aliongoza kuanzishwa kwa karakana ya wabunifu ambayo leo tunaifahamu kwa jina la Twende. Mwaka 2014 mkutano wenyewe wa IDDS ulifanyika Arusha. Safari hii wageni ndio waliokuja kujifunza kwenye meza yetu.

Nini hasa hufanyika katika karakana ya namna hiyo kwa siku ya kawaida? Mtu anayetarajia maajabu ya kisayansi ataondoka mikono mitupu. Somo la kwanza huwa dogo. Kipande cha bati hukatwa, hutobolewa na kuviringishwa kuwa bomba fupi lenye meno kwa ndani. Unaingiza hindi, unazungusha, punje zinadondoka na gunzi linabaki. Kifaa hicho humaliza maumivu ya vidole kwa yeyote aliyewahi kupukuchua gunia kwa mikono, na mtu ambaye hajawahi kushika mkasi wa bati anaweza kukikamilisha kabla ya chakula cha mchana. Anayekitengeneza hutoka na vitu viwili: kifaa, na ushahidi kwamba anaweza kutengeneza. Cha pili ndicho chenye thamani zaidi.

Baada ya hapo ndipo yanapoanza maisha yenyewe ya karakana. Mwenye kuchomelea anamwonyesha mwenye kushona, na mwenye kushona anamwonyesha mwanafunzi wa sekondari namna ya kupima kabla ya kukata. Mkulima anasema mashine ni nzito mno kubebwa na mwanamke hadi shambani, na mhandisi kijana, aliyepata alama nzuri chuoni, anafuta mchoro wake na kuanza upya. Drili ni moja na wanaoihitaji ni wanne, kwa hiyo wanasubiriana. Koleo halionekani mahali pake, na mjadala wa nani alilitumia mwisho unachukua dakika ambazo hakuna bajeti iliyozihesabu. Mtu analalamika kwamba wazo lake limetajwa kwenye onyesho bila jina lake. Hayo yote ndiyo kazi. Ushirikiano haukai kwenye mabango ya ukutani. Unakaa katika namna watu wanavyolimaliza suala la koleo lililopotea.

Tuangalie tofauti na karakana ya kando ya barabara. Kati ya Makumira na Usa River, kwenye barabara kuu ya Moshi, wapo mafundi wa pikipiki, wa kuchomelea mageti na wa redio wenye ujuzi ambao vyuo vingi vingeuonea wivu. Ujuzi huo hupita kwa saidia fundi anayekaa miaka akishika taa, akitumwa spana, akiiba kwa macho. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvuvia. Ni chuo kizuri, lakini mlango wake ni mwembamba. Huingii bila ndugu au jirani, msichana huingia kwa nadra, na mwalimu ana sababu nzuri ya kutokuonyesha yote, kwa kuwa mwanafunzi wa leo ni mshindani wa kesho ng'ambo ya barabara. Karakana ya jamii inajaribu kubadili hesabu hiyo. Inasema kwamba anayefundisha hapotezi, kwa sababu atakayejifunza atakuwepo kesho kumsaidia kwa jambo jingine. Ahadi hiyo inashika pale tu ambapo watu wana hakika kwamba mlango utakuwa wazi kesho.

Hapo ndipo penye hatari, na ndipo ninapotaka msomaji atulie. Karakana nyingi za aina hii katika Afrika Mashariki zinaishi kwa ruzuku. Ruzuku ina mwisho, na ina masharti. Mfadhili hutaka hesabu za vifaa vilivyobuniwa na kampuni zilizosajiliwa. Hana safu ya kuandika kwamba bibi mmoja amejifunza kutumia jiliwa. Polepole karakana huanza kuwatafuta vijana wenye kuweza kusimama jukwaani kwa Kiingereza, na wale wa kipukuchulio cha bati hupungua.

Tumeona pia umiliki unavyoweza kuhama. iHub ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 2010 kama nyumba ya jumuiya ya wataalamu wa teknolojia, na maelfu ya vijana walijiita watu wake. Mwaka 2019 ilinunuliwa na Co-Creation Hub ya Lagos. Huenda ununuzi huo uliiokoa, na wanunuzi ni Waafrika wenzetu. Lakini kitu kinachoweza kununuliwa kina mwenye nacho, na siku ya mauzo jumuiya iligundua kwamba uanachama wake haukuwa hisa. Arusha nako, kampuni ya Global Cycle Solutions, iliyoanzishwa na mhitimu wa MIT, ilianza na mashine za kupukuchua mahindi zinazofungwa kwenye baiskeli, na baadaye ikaelemea kwenye uuzaji wa taa za jua. Taa zile zimewafaa wengi, na biashara ina haki ya kwenda kwenye soko lilipo. Hata hivyo mnunuzi wa taa na mtengenezaji wa mashine ni raia wa namna mbili tofauti, na nchi inayozalisha wa kwanza pekee itaendelea kusubiri meli bandarini.

Naandika haya kutoka Makumira, mahali palipopata jina kwa chuo cha theolojia kilichohamia hapa mwaka 1954 na ambacho leo ni chuo kikuu. Wanafunzi wangu wanaweza kuichambua Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 aya kwa aya. Wengi wao hawajawahi kufungua kitu kilichoharibika kwa nia ya kukitengeneza. Siwalaumu, kwa kuwa hakuna mtu aliyewapa mlango. Vyuo vimejaa kompyuta zilizokufa zinazosubiri kamati ya kufuta mali, na umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye mageti yao wapo mafundi wanaoweza kuzifufua, ambao hawajawahi kualikwa ndani.

Pendekezo langu halihitaji mfadhili mpya. Vyuo vya ukanda huu, pamoja na halmashauri, vitoe chumba kimoja kila kimoja, chenye meza, umeme na vifaa vya msingi, kisha vikubali jambo gumu zaidi ya kutoa chumba: kukabidhi ufunguo. Kamati ya watumiaji, yenye fundi wa barabarani, mkulima, mwanafunzi na mama wa nyumbani, ishike mlango na kupanga zamu. Anayetumia alipe, kwa fedha kidogo au kwa saa za kufundisha na kufagia. Kila kinachotengenezwa kichorwe na mchoro ubaki ukutani wenye majina ya wote waliouhusika, ili ruzuku ikiisha maarifa yasiondoke na gari la mradi. Anayetegea atozwe, kama walivyotozwa waliokwepa mfereji.

Watakaouliza nani atahakikisha vifaa haviibiwi wana haki ya kuuliza. Jibu ni wale watakaopata hasara vikiibiwa. Karakana za dola zilikuwa na walinzi na orodha za mali, na bado nyingi zilibaki na mashine zilizofunikwa turubai. Mifereji ya Meru haikuwa na mlinzi, na ilimwagilia mlima kwa vizazi. Kwa hiyo kikao cha kwanza cha karakana yoyote tutakayoianzisha kisianze na bei ya mashine. Kianze na majina ya watakaoshika ufunguo, na namna wenzao watakavyoweza kuwanyang'anya.